Msitoe Sanduku Mkaficha Daftari



Miezi hii wazee na vijana wa ukoo wamekuwa wakijadiliana juu ya vyombo vya marehemu vilivyobaki katika nyumba za jamaa. Limetolewa pendekezo ambalo wengi wameliunga mkono: sanduku la msaji lenye misumari ya shaba, madele mawili ya kahawa, chetezo, jambia na juzuu zilizoandikwa kwa mkono vikabidhiwe makumbusho ya pwani, vihifadhiwe, na wajukuu wetu wapate mahali pa kuviona. Mpaka hapo nami ni katika waitikiao amin. Lakini pendekezo lina kifungu cha pili, nacho ndicho kilichonishikisha kalamu. Kifungu hicho chasema kwamba bunda la karatasi lililokutwa ndani ya sanduku hilo, yaani hesabu za shamba, barua na orodha za watu, lisiende popote. Libaki mikononi mwa ukoo, na wapo waliosema bila kificho kwamba ni afadhali litiwe moto.

Hizo orodha za watu, ndugu zangu, ni orodha za watumwa. Sioni sababu ya kulizungukazunguka neno hili. Nakipinga kifungu cha pili, na hata cha kwanza nakipinga ikiwa kitatekelezwa peke yake.

Nimekuwa karani maisha yangu yote ya kazi, na jambo moja nalijua kwa uhakika: mali isiyo na karatasi ni bubu. Makumbusho yoyote yenye kuijua kazi yake, yakipokea kitu, huuliza kwanza kimetoka wapi, kilikuwa cha nani, kimetengenezwa na nani na kilitumiwa vipi. Kitu kisichoweza kujibu huandikiwa maneno machache ya kubahatisha. Sanduku letu litaitwa "sanduku la Kiarabu", ingawa kila mwenye kujua biashara ya bahari yetu anajua kwamba mengi ya masanduku hayo yalitengenezwa Bara Hindi yakaletwa na majahazi. Dele litaitwa ishara ya ukarimu wetu. Ni nani aliyeipepea seredani, akaikoroga kahawa, akasimama na vikombe mkononi mpaka wageni wakaondoka? Jibu limo katika daftari tunalotaka kulificha. Tukitoa chombo tukazuia daftari, tutakuwa tumewapa makumbusho pambo na kuwanyima historia.

Nayasema haya kwa kuyaheshimu makumbusho yetu, wala si kwa kuyabeza. Ninajua thamani ya Makumbusho ya Lamu, ambako imehifadhiwa siwa ya pembe ya Pate. Najua Ngome ya Yesu ya Mombasa, iliyoanza kujengwa na Wareno 1593, ikawa gereza chini ya Waingereza, kisha ikafunguliwa kuwa makumbusho 1960. Nililia kama walivyolia wengi tarehe 25 Desemba 2020, sehemu ya Beit al-Ajaib ilipoporomoka mjini Unguja na kuua watu wawili. Jumba lile lilijengwa na Seyyid Barghash 1883, na kabla ya msiba huo ndimo ulimowekwa mtepe uliojengwa upya ili vijana waone jinsi babu zetu walivyoshona mbao kwa kamba bila msumari. Bila nyumba kama hizi, pwani yetu ingekwisha kuuzwa kipande kipande kwa wanunuzi wa vitu vya kale, mlango kwa mlango na kiti kwa kiti.

Lakini tujiulize mgeni anaona nini akizitembelea. Anaona vitanda, viti vya enzi, sahani za Kichina, milango ya nakshi, picha za masultani. Katika Makumbusho ya Kasri, Unguja, Sayyida Salme ana chumba chake, na anastahiki, kwa kuwa aliyaandika maisha yake mwenyewe. Wapishi wa kasri ile, wachota maji, wapagazi, wachumaji wa karafuu zilizolipia mawe na chokaa yake, hawana chumba. Hawakuandika, au walioandika habari zao ni mabwana zao, na maandishi ya mabwana yamo masandukuni mwetu.

Mtu ataniambia: Mkunazini pana maonyesho ya biashara ya watumwa, pale penye kanisa la Waanglikana lililoanza kujengwa mwaka ule ule soko lilipofungwa, 1873. Ni kweli, na ni vizuri kwamba yapo. Lakini maonyesho ya soko yanaeleza nusu ya habari. Pale tunaonyeshwa watu wakiuzwa. Hatuonyeshwi nani aliwanunua, wakaingia nyumba ipi, wakapewa jina gani, wakamzaa nani. Soko limepata makumbusho. Nyumba za wanunuzi hazijapata. Ndiyo maana kila mmoja wetu anaweza kupita Mkunazini akasikitika, akarudi nyumbani bila kuona kwamba habari ile inamhusu.

Sisi tunaoishi Afrika Kusini tuna sababu zaidi ya kulielewa jambo hili. Mnamo Agosti 1873 manowari ya Kiingereza iliteremsha mjini Durban kundi la kwanza la watumwa waliokombolewa baharini, na mengine yakafuata katika miaka iliyofuatia. Wengi wao walikuwa Wamakua kutoka kaskazini ya Msumbiji. Kwa kuwa walipitishwa Unguja, waliitwa Wazanzibari, na jina hilo likakaa. Waliwekwa chini ya mikataba ya kazi, wakaja kupata makazi King's Rest, kwenye rasi ya Bluff, wakajenga msikiti, wakazikana, wakakishika Kimakua na Kiswahili na dini yao. Serikali ya ubaguzi ilipokuja na madaftari yake, haikujua iwatie safu gani. Walihesabiwa Waafrika, wakahesabiwa Machotara, mwishowe wakaandikwa "Waasia wengineo", na mwanzoni mwa miaka ya 1960, kwa Sheria ya Maeneo ya Makundi, wakaondolewa King's Rest na kupelekwa Chatsworth.

Watu hawa waliandikwa na kila mtu isipokuwa wao wenyewe. Aliwaandika nahodha wa manowari, aliwaandika karani wa mikataba, aliwaandika karani wa ubaguzi. Mwanzo wa safari yao, kule bara walikokamatwa na pwani walikopitishwa, uliandikwa na watu wa aina ya babu zetu, ikiwa uliandikwa. Mjukuu wa Chatsworth akitaka kujua bibi yake alitoka wapi kabla ya kutiwa jahazini, atabisha mlango wa nani? Si wa karani wa Durban. Atabisha wetu. Nasi tunajadiliana kama tumjibu au tuwashe kiberiti.

Hata hapa Bertrams tunapoishi, kufutwa kwa watu katika karatasi si hadithi ya mbali. Mtaa huu ulipimwa miaka michache tu baada ya dhahabu kugunduliwa 1886, na kwa miongo walikaa humo watu wa kila rangi. Kisha ikaja Sheria ya Makazi Duni ya 1934. Kwa jina la usafi na afya, wasiokuwa Wazungu waliondolewa na mahali pao zikajengwa nyumba za Wazungu wa kipato cha chini. Anayetembea leo kutoka Ellis Park hadi Derby Road ataziona nyumba hizo; waliohamishwa hatawaona. Tukiyataka makumbusho ya mji huu yawakumbuke waliofukuzwa na wenye nguvu, hatuwezi wakati huo huo kuyataka makumbusho ya pwani yawasahau waliomilikiwa na sisi.

Nchi hii hii inatuonyesha jinsi ya kufanya. Makumbusho ya District Six, mjini Cape Town, yalifunguliwa 1994 ndani ya kanisa la zamani la Wamethodisti. Hayakuanza na dhahabu wala viti vya enzi. Yalianza na ramani kubwa iliyotandazwa sakafuni, na waliobomolewa nyumba zao wakaandika majina yao pale walipokuwa wakikaa. Yalitundikwa humo mabango ya majina ya mitaa, ambayo mtu mmoja aliyefanya kazi katika ubomoaji aliyahifadhi badala ya kuyatupa. Fikirini juu ya mtu huyo. Alikuwa upande wa wabomoaji, akala mshahara wao, lakini alikuwa na ushahidi mkononi na hakuutupa. Leo bila yeye makumbusho yale yangepungukiwa na moyo wake. Sisi nasi tuna mabango mkononi.

Sasa niyatazame maneno ya wanaopinga, kwa kuwa si watu wapumbavu, na baadhi yao ni wakubwa wangu kwa umri na elimu.

La kwanza wanasema: yaliyopita si ndwele, tugange yajayo. Methali hii ni ya haki kwa ugonjwa uliokwisha. Lakini posa inapokuja katika nyumba zetu, bado twasikia sebuleni swali la "asili yao wapi?", na anayekataliwa hujua kilichomkatalisha ingawa hakuna aliyekitamka. Ugonjwa unaochagua wakwe haujaisha. Tunataka kuzichoma karatasi, lakini kumbukumbu tunayoitumia kukataa posa hatutaki kuichoma. Kama kweli yamepita, yaache yawe wazi kwa wote. Kama tunayahifadhi vichwani kwa matumizi yetu, tusidai kwamba yamepita.

La pili wanasema: Uislamu unatuamrisha stara, na kufichua aibu ya maiti ni dhambi. Nami nimesoma kwa masheikh kama walivyosoma wao, nasema stara ni haki ya mwenye aibu katika jambo lililo baina yake na Mola wake. Haki za waja ni mlango mwingine. Sharia haigawi mirathi mpaka deni la marehemu lilipwe. Aya iliyo ndefu kuliko zote katika Kurani inahusu kuandika deni, na inamtaja karani na uadilifu wake. Dini iliyofanya kumkomboa mtumwa kuwa kafara ya makosa haiwezi kuwa dini ya kumfuta mtumwa katika daftari. Tumerithi mashamba, nyumba na majina makubwa. Deni la kuwataja waliofanya kazi hiyo bila ujira liko palepale, na mwenye kuchoma hati ya deni hajalilipa.

La tatu wanasema: watumwa wa nyumba zetu walikuwa kama watoto wa nyumbani, wakila tulichokula, wakioa na kuolewa kwetu. Basi, ikiwa ni jamaa zetu, majina yao yako wapi katika shajara? Tazameni shajara zilizotundikwa ukutani: fulani bin fulani bin fulani, mpaka Oman. Mama hawamo. Na wengi katika mama hao walikuwa masuria, Wahabeshi, Wanyasa, Wamakua, Wazaramo. Hili halikuwa la wanyonge tu. Seyyid Barghash mwenyewe alizaliwa na suria wa Kihabeshi, na ndugu zake waliotawala kabla na baada yake walizaliwa na masuria pia. Sisi tunaojiita kizazi cha Waarabu wa pwani ni kizazi cha bwana na cha mjakazi kwa pamoja. Anayetaka daftari lichomwe anataka kumchoma bibi yake ili abaki na babu peke yake.

La nne ndilo zito, nami sitalipuuza. Wanasema: habari za utumwa zilifanywa upanga juu ya shingo zetu 1964, watu wasio na hatia waliuawa na kufukuzwa kwa jina la dhambi za karne iliyopita, na adui angali yuko tayari kuutumia upanga huo. Nawaelewa wenye hofu hii. Wapo kati ya wasomaji wa ukurasa huu waliozika jamaa mwaka ule, na waliopanda jahazi usiku wakiwa watoto. Pia ni kweli kwamba Wareno walinunua, Wafaransa wa visiwa vya bahari yetu walinunua, machifu wa bara waliuza, na Mwingereza aliyejisifu kuwa mkombozi aliwageuza waliokombolewa kuwa vibarua wake Natal. Hayo yote yasemwe makumbushoni, tena kwa herufi kubwa. Lakini nani atayasema kwa uadilifu, ikiwa wenye hati wamezificha? Propaganda hustawi pale penye uvumi na pasipo karatasi. Hesabu ya kweli, yenye majina na kazi na bei na tarehe za kuachwa huru, haiwezi kutiwa chumvi kwa wepesi. Mwenye kuficha daftari anamwachia adui yake kalamu.

Nimesikia pia shaka ya tano, na hii nimeisikia kutoka kwa kizazi cha waliomilikiwa: kwamba wao wenyewe hawapendi majina ya wazee wao yaanikwe. Shaka hii ndiyo pekee inayopaswa kutuwekea masharti. Uamuzi wa kuanika au kutoanika ni wao. Si wetu kuwaamulia kwa moto.

Basi nashauri hivi. Karatasi zote zipigwe picha, ukurasa kwa ukurasa, kabla hazijasogezwa popote. Asili yake ipelekwe pamoja na sanduku, kwa hati moja ya makabidhiano, ili daftari na chombo visitenganishwe. Vipelekwe kwenye makumbusho ya mahali yalipotokea mambo hayo, au nyaraka zake, karibu na watu wanaohusika, wala si katika jumba kubwa la mbali ambako hakuna wa kusoma hati ya Kiswahili iliyoandikwa kwa herufi za Kiarabu. Hati hizo tuzifasiri sisi tunaozisoma, maana tuliojua kuzisoma tunapungua kila mwaka. Orodha za majina ziwekewe sharti kwamba kizazi cha walioandikwa ndicho kitakachoziona kwanza na kusema lipi liwekwe hadharani. Na maelezo yatakayobandikwa yaandikwe kwa Kiswahili kabla ya lugha yoyote nyingine.

Lugha hiyo yenyewe imekwisha kutangulia kufanya kazi ya makumbusho. Neno "kibarua" lilikuwa barua ndogo, cheti cha mtumwa aliyekodishwa kwa kazi ya siku. Kaniki ilikuwa vazi la mjakazi, na wanawake walioachwa huru waliivua wakavaa kanga. Siti binti Saad, aliyezaliwa Fumba katika kizazi cha watumwa, ndiye aliyeifikisha taarabu ya Kiswahili kwenye sahani za santuri mwaka 1928, na leo tunamchezea harusini kama sauti ya pwani nzima. Utamaduni wa wenyeji tunaowataka makumbusho watuhifadhie, kwa sehemu kubwa, ulitengenezwa na watu walioandikwa katika bunda lile.

Na hapa Bertrams, Kiswahili ninachokisikia zaidi madukani ni cha majirani zetu kutoka Kongo ya mashariki. Lugha hii ilifika Kasongo na Nyangwe pamoja na misafara ya pembe na watu, enzi ya Hamed bin Muhammed el Murjebi, aliyejulikana kwa jina la Tippu Tip. Tunasalimiana kwayo kila siku, tunaswali safu moja, watoto wetu wanasoma darasa moja. Pengine mababu zao walibeba mizigo ya mababu zetu, na pengine mmoja wao ameandikwa kwenye karatasi zetu. Jirani huyo ana haki ya kujua, na kukataa kumjulisha si stara.

Kikao cha ukoo kitakaa tena kabla ya Ramadhani. Naomba kila mwenye sauti aikatae ile hoja ya kutoa sanduku tupu. Vikipelekwa vyote, mimi niko tayari kukaa na kijana yeyote anayetaka kujifunza kusoma hati hizo, nimfundishe herufi moja moja. Likipelekwa sanduku peke yake, jina langu lisiandikwe katika hati ya makabidhiano.